Hitilafu Arobaini na Saba

Radi ilipopiga nguzo ya stima karibu na kiwanda, wa kwanza kushukiwa hakuwa radi. Alikuwa Chepkirui.

Na watu walikuwa na sababu zao. Chepkirui ndiye aliyekuwa afisa wa kompyuta katika kiwanda kile cha chai, kando ya barabara itokayo Kericho kwenda Bomet, na tangu aajiriwe hakukuwa na mkutano uliopita bila yeye kusimama na kusema kwamba ile kompyuta kuukuu ya chumba cha nyuma itupwe. Wafanyakazi waliiita Kogo, yaani nyanya au bibi kwa Kipsigis, kwa sababu waliikuta pale, ilikuwa nzito, ilikoroma, na haikupenda kuharakishwa. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuandika lebo za magunia. Kila gunia la chai lililokwenda mnadani Mombasa lilibeba lebo yenye namba aliyoitoa Kogo, na printa yake, dude la ukubwa wa dawati lililolia kama cherehani yenye hasira, halikumtii mwingine ila yeye.

Bodi ilikuwa imekubali kununua mtambo mpya si mara moja wala mbili. Kila mara mtambo ulikuwa njiani. Basi Kogo akaendelea na kazi yake na Chepkirui akaendelea kumsema, mpaka alasiri ile mvua ya mawe ilipoanguka, taa zikazimika, zikawaka tena, na Kogo akaamka na maneno machache ya Kiingereza ya rangi ya kijani kwenye kioo cheusi: Hitilafu 47. Tazama mwongozo. Ukimgusa, analia mlio mmoja mfupi, kisha anarudia yale yale.

"Umemloga," alisema Janeffer, mwanamke aliyesimamia stoo ya magunia na ambaye alikuwa amekaa pale kiwandani muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyebaki. "Mtu humsema mgonjwa hivyo kila siku, mwisho mgonjwa husikia."

"Janeffer, ni radi."

"Radi ilitumwa na nani?"

Meneja wa kiwanda alikuwa Bwana Obure, mtu mrefu mwenye tabia moja ya ajabu: kadiri hasira yake ilivyopanda, ndivyo sauti yake ilivyoshuka. Siku ya kwanza alizungumza kwa upole. Siku iliyofuata, stoo ilipoanza kujaa na lori la Mombasa likiwa limesimama uani bila mzigo, alinong'ona. Kufikia hapo Janeffer alikuwa ametoa kalamu nene nyeusi na kuwaagiza vijana wake waandike lebo kwa mkono. Magunia machache yakaenda. Jibu likarudi kutoka ghala la Mombasa kwamba halikuwa limewahi kupokea chai ya aina ya "baba", na kwamba kama kiwanda kilikusudia kuandika daraja la BP1, basi kiandike kama watu wengine.

Siku hiyo Obure aliingia ofisini kwa Chepkirui, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu.

"Nimeelewa, bosi," Chepkirui akamwambia. "Natafuta."

Na alikuwa anatafuta kweli. Alikuwa ametafuta mtandaoni mpaka macho yakawa mekundu. Kampuni iliyomtengeneza Kogo ilikuwa imenunuliwa na nyingine, hiyo nyingine ikamezwa na ya tatu, na ya tatu sasa ilikuwa inauza viatu vya michezo. Alipata mwongozo mmoja uliokuwa wa kompyuta dada ya Kogo, lakini aliyeuchapa mtandaoni alikuwa amezigeuza kurasa kichwa chini, na zilipofika pale panapozungumziwa hitilafu zilikatika, zikaanza maelezo ya jinsi ya kusafisha feni. Alipata pia jukwaa moja la mafundi ambapo mtu wa nchi ya mbali, miaka mingi nyuma, alikuwa ameuliza swali lake hasa: mashine yangu imepigwa na radi, inasema hitilafu 47, nifanyeje? Chini yake hakuna aliyejibu. Kisha mtu yule yule akaandika tena: Basi, nimeshapata. Asanteni. Hakusema amepata nini. Chepkirui aliyasoma maneno yale mara kadhaa, akaegemea kiti, akamtakia mtu yule asiyemjua mambo ambayo mshiriki wa kwaya ya kanisa hapaswi kumtakia mwenzake.

Aliyemwokoa alikuwa Janeffer, aliyekuja kumletea chai na kumtazama kama amekonda.

"Kwani unatafuta kitabu cha Kogo?"

"Natafuta nini kingine wiki hii yote?"

"Ungeuliza. Vilikuwa viwili, vyekundu, vizito hivi. Kimoja alienda nacho Mzee Kipkosgei, kingine Mzee Omariba. Siku ile walipostaafu."

Chepkirui akaweka kikombe chini. "Wakaenda navyo? Mali ya kiwanda?"

"Wewe hukuwaona siku hiyo. Hakuna mtu angewauliza."

Akamweleza. Wazee wale wawili ndio walikuwa waendeshaji wa kwanza wa Kogo. Walipelekwa Nairobi pamoja kusomea, mmoja Kitabu cha Kwanza, mwingine Kitabu cha Pili, wakarudi wakiwa wamefunga tai. Walikuwa marafiki wa kuingiliana nyumba. Kisha kiwanda kikaleta katika chumba kile kiti kimoja cha magurudumu, kile cha kuzunguka. Kimoja tu. Mwingine alikalia stuli. Wakapeana zamu ya kukikalia, wiki huyu, wiki yule. Siku moja Omariba akarudi kwenye zamu yake akakuta kiti kimeshushwa mpaka chini na hakipandi. Kipkosgei akasema hajui. Kipkosgei naye, zamu yake ilipofika, akakuta gurudumu limetoka. Omariba akasema hajui. Kutoka hapo wakawa wanazungumza kwa vikaratasi, ingawa kila mmoja alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwa mwenzake. Waliendelea hivyo mpaka pensheni.

"Kwa ajili ya kiti?" Chepkirui akauliza.

"Usikidharau. Kilikuwa kinazunguka."

Walipostaafu, kila mmoja alichukua kitabu alichosomea ili mwenzake asiweze kujifanya fundi wa mashine nzima. Kisha mmoja akahamia kusini, Sigor, na mwingine kaskazini, Londiani. Ungetafuta ramani ya eneo lile lote usingepata namna ya kuwatenganisha zaidi ya hapo bila kuwatoa katika nchi ya chai.

Asubuhi iliyofuata Chepkirui akachukua pikapu ya kiwanda akaendesha mwenyewe mpaka Sigor. Alimkuta Mzee Kipkosgei ua wa nyuma, kofia kichwani, akitengeneza kibanda cha vifaranga. Alikuwa mzee mwembamba, msafi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusoma somo kanisani. Mkewe, Rodah, alitoka jikoni akifuta mikono.

"Chamgei, mama," Chepkirui akamsalimu kwa Kipsigis.

"Chamgei mising. Karibu, keti. Umetoka mbali."

Chepkirui alipotaja kiwanda, uso wa mzee uling'aa. Alipotaja Kogo, mzee alivua kofia. Alipotaja hitilafu 47, mzee aliingia ndani bila neno na kurudi akiwa amebeba faili kubwa jekundu lililofungwa kwa nailoni, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Akalifungua juu ya meza, akalamba kidole, akageuza kurasa.

"Arupaini na sapa," akasema, na lafudhi yake ya Kipsigis ikapita katikati ya Kiswahili kama ng'ombe anayekatiza barabara bila haraka. "Hii hapa. 'Umeme mkali umevuruga mipangilio ya mashine. Hatua za kurekebisha ziko katika Kitabu cha Pili, sura ya tisa.'"

Akafunga kitabu taratibu.

"Mzee," Chepkirui akaanza, "hicho cha pili kiko kwa..."

"Najua kiko wapi."

"Nilikuwa nafikiri ningekiazima hiki, nikapita na Londiani..."

"Kitabu hiki hakiendi mahali bila mimi. Na mimi siendi mahali ambapo Omariba yuko."

"Basi hata nipige picha kwa simu."

Mzee akaweka kiganja juu ya jalada. "Picha ni kuiba bila kubeba, msichana wangu."

Rodah, aliyekuwa amesimama mlangoni na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, alitazama juu, kule wanakotazama wanawake waliokaa kwenye ndoa muda mrefu. Akamjazia Chepkirui kikombe.

Alasiri ile ile, Londiani kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Mzee Omariba alikuwa mnene, mchangamfu, gamboti zimejaa udongo, na alipomwona mgeni alimkaribisha kwa kelele iliyowashtua ng'ombe. Mkewe, Yunia, aliweka viazi vya kuchemsha na mboga ya chinsaga mezani kabla Chepkirui hajamaliza kujitambulisha. Kitabu cha Pili kilikuwa kwenye kabati la vyombo, chini ya Biblia, na mzee hakukataa kukionyesha. Tatizo ni kwamba alikishika yeye. Alisimama upande wa pili wa meza akakiinua kifuani kwake, kimefunguliwa, kama mwalimu anayeonyesha darasa picha ya twiga, na Chepkirui ikambidi asome kwa kunyoosha shingo.

Sura ya tisa ilikuwa na hatua nyingi, zote zinaeleweka. Juu yake kulikuwa na sanduku lenye maneno mazito: Kabla ya hatua ya mwisho, panga swichi za nyuma kama ilivyo katika Kitabu cha Kwanza, nyongeza ya tatu. Usipofanya hivyo usiendelee.

Chepkirui akacheka. Hakutaka, lakini kilimtoka. Akatoa simu akampigia Mzee Kipkosgei.

"Mzee, shikamoo tena. Tafadhali nisomee tu nyongeza ya tatu, pale nyuma ya kitabu."

"Uko wapi?"

Chepkirui akasita. Nje, ng'ombe wa Londiani akalia.

"Hiyo si ng'ombe ya huku," akasema Kipkosgei, akakata simu.

"Alikuwa anasemaje?" Omariba akauliza.

"Anawasalimu."

"Muongo," akasema Omariba, na haikujulikana anamtukana nani kati yao wawili.

Chepkirui alitoka akiwa amejaa viazi na kukata tamaa. Alikuwa amefika kwenye pikapu anawaza atakavyomwambia Obure, aliposikia nyayo. Alikuwa Yunia, amebeba debe la viazi kichwani, na alipolishusha nyuma ya gari aliinama kama anayefunga kamba, akasema kwa sauti ya chini:

"Mama Chepngeno, yule wa Sigor, alikupea mursik?"

"Alinipa. Unamjua Mama Rodah?"

"Kumjua? Mimi na yeye huongea kila Jumapili tukitoka kanisani. Hatujawahi kuacha hata moja. Wakati Chepngeno wake alizaa mapacha, mimi ndio nilikuwa wa kwanza kuambiwa. Hawa wazee wetu hawajui."

Chepkirui akamtazama. "Miaka yote hiyo?"

"Wao waligombana juu ya kiti. Sisi hatukukalia." Yunia akafuta mikono kwenye leso yake. "Wewe rudi kazini. Usiwapigie simu tena. Hao ukiwabembeleza wanakuwa ngumu kama mahindi ya mwaka jana. Tuachie."

Kile wanawake wale wawili walichokifanya Chepkirui alikuja kuambiwa baadaye, na kilikuwa kitu kidogo sana. Jioni ile Rodah, akisonga ugali, alimwambia mumewe kwa uvivu kwamba amesikia kiwanda hakina shida tena, kwamba wamekubaliana na yule mzee wa Londiani, na kwamba atakuja kumfufua Kogo kwa kitabu chake peke yake, mbele ya meneja. Naye Yunia, akimenya viazi, alimwambia wake kwamba amesikia yule wa Sigor atakuja kufanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo Chepkirui alipofika kazini siku iliyofuata alimkuta mlinzi wa lango ameshikilia rejista na uso wa mtu aliye katikati ya fahali wawili. Kushoto alisimama Mzee Kipkosgei, suti ya kijivu, tai, faili jekundu kwapani. Kulia alisimama Mzee Omariba, suti ya kahawia isiyofunga tena tumboni, tai, faili jekundu kwapani. Nyuma yake alikuwa Yunia na kikapu. Wazee walikuwa wanatazama mlingoti wa bendera kwa makini, kila mmoja upande wake.

"Karibuni, baba zangu," Chepkirui akasema haraka kabla yeyote hajageuza miguu. "Meneja anawasubiri. Wote."

Obure alikuja mbio. Alipoviona vile vitabu viwili vyekundu mahali pamoja, sauti yake ilirudi kidogo, ukamsikia mpaka umbali wa mita moja. Akawaongoza chumba cha nyuma. Janeffer akafuata, maana hakuna mtu angemzuia, na mlangoni Chepkirui aliona jambo ambalo hakuwa amelifikiria. Ndani ya chumba, mbele ya Kogo, kulikuwa na kiti kimoja.

Wazee nao wakakiona. Wakasimama.

Chepkirui hakuwaza. Aliingia, akakikumbatia kile kiti, akakitoa nje, akakipa mguu, nacho kikaenda kikizunguka kwenye korido mpaka kikagonga mlango wa stoo.

"Leo tunasimama," akasema. "Sote. Hata meneja."

Kazi ikaanza. Ilionekana mapema kwamba hakuna kitabu kingeweza kwenda hatua mbili bila mwenzake. Cha Kwanza kilisema tazama cha Pili. Cha Pili kikasema rudi cha Kwanza. Chepkirui alisema moyoni kwamba walioandika vitabu vile lazima nao waligombania kiti. Wazee, kwa kuwa bado hawazungumzi, walisoma kila mmoja akimwelekea Chepkirui, naye akawa daraja katikati.

"Mwambie azime kwanza," akasema Omariba.

"Mzee, anasema uzime."

"Nimesikia. Nimezima. Muulize na kipande cha nyuma."

"Mzee, anauliza kipande cha nyuma."

"Mwambie kifunguliwe, kuna kitufe cha kijani. Anayesimama mbele atasema lini."

Omariba akapiga magoti nyuma ya Kogo kwa kuugua kwingi, suti na yote. Kipkosgei akasimama mbele, miwani puani, akasoma kwa sauti ya kanisani:

"Taa ikiwaka, ponyeza kitufe na usikiachilie."

Nyuma ya mashine vidole vikapapasa. Kisha sauti ya Omariba ikatoka, na kwa mara ya kwanza tangu enzi ile ya vikaratasi, ilimlenga Kipkosgei moja kwa moja:

"Niiponye au niibonyeze?"

Janeffer akaziba mdomo. Obure akatazama dari. Kipkosgei akashusha kitabu taratibu, akamtazama aliyepo nyuma ya mashine, ambaye alionekana matako tu.

"Ukiiponyeza itapona," akasema. "Kama mtu ana akili ya kusikia."

Hapo pakatokea sauti ambayo Chepkirui alidhani ni Kogo ameanza kukoroma. Alikuwa Omariba, anacheka. Alijaribu kuinyamazisha ikamshinda, ikatikisa tumbo lake, tumbo likatikisa meza. Kipkosgei alishikilia uso wake kadiri alivyoweza, kisha mdomo ukamponyoka pembeni.

Wangemaliza muda ule ule, ila walipofika penyewe, nyongeza ya tatu, Kipkosgei aligeuza kurasa mbele, akazigeuza nyuma, akatikisa faili. Nyongeza ya pili ilikuwepo. Ya nne ilikuwepo. Katikati palikuwa na kipande cha karatasi kilichochanwa.

Kwa heshima ya mzee, hakuna aliyemtazama.

"Mpigie Mama Chepngeno," akasema Yunia kutoka mlangoni.

Omariba akainua kichwa. "Wewe unajuaje namba yake?"

"Shika kitufe, mzee."

Rodah akapokea haraka, na kelele za vifaranga zikajaa chumbani, maana Chepkirui alikuwa ameweka sauti ya wazi. Chepkirui alimweleza.

"Karatasi ngumu ngumu? Yenye picha?"

"Hiyo hiyo, mama."

"Iko hapa. Nilibandika kwa kibanda cha vifaranga, upande wa upepo. Ilikuwa ngumu vizuri, ile zingine zilikuwa laini."

Kipkosgei akafumba macho. Miaka yote alikuwa amekifunga kile kitabu kwa nailoni asiguse mtu, na mke wake alikuwa amekipasua kama anayechuma sukuma wiki.

"Usiitoe, mama," Chepkirui akasema upesi, akihofia itachanika. "Niambie tu unaona nini."

"Naona vitu sita vimesimama mstari kama meno. Ya kwanza imeangalia juu. Ya pili, chini. Ya tatu... ngoja, toka wewe, shh! Ya tatu, chini pia. Ya nne juu. Ya tano juu."

Chepkirui alikuwa amelala kifudifudi kando ya Omariba, bisibisi mkononi, akizisukuma zile swichi ndogo kwa ncha. "Na ya sita, mama?"

"Ya sita hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Kuku wamedonoa. Kuna shimo."

Obure akatoa mnong'ono mrefu ambao ungeweza kuwa sala.

"Juu," akasema Omariba. "Nakumbuka kabisa. Tulifundishwa Nairobi."

"Chini," akasema Kipkosgei. "Nami nilikuwa Nairobi."

"Ulikuwa unasinzia."

"Wewe ndiye ulikuwa unakoroma mpaka mzungu akasimama."

Chepkirui, aliyekuwa na kiwanda kizima kwenye ncha ya bisibisi, hakuona sababu ya kungoja Nairobi imalizike. Akaisukuma juu. Omariba akashikilia kitufe, Kipkosgei akawasha. Kogo akaguna, akatulia, akalia milio miwili badala ya mmoja, na kioo kikaandika: Hitilafu 48.

"Ewe Mungu," akasema Janeffer. "Sasa amezaa."

Wakazima. Chepkirui akaisukuma chini. Alishangaa kusikia kwamba anaisemesha ile mashine, polepole, kama anayembembeleza ng'ombe asimwage maziwa: twende, Kogo, twende, nyanya, sitakusema tena. Omariba akabonyeza. Kipkosgei akawasha. Feni ikazunguka, kitu ndani kikabisha hodi, kioo kikawa cheupe, kikawa cheusi. Na printa, bila kuagizwa, ikaruka kwa mngurumo na kuanza kutema lebo zote zilizokwama tangu siku ya radi, moja nyuma ya nyingine, mpaka sakafuni.

Janeffer akapiga vigelegele. Akazikusanya kwa mikono miwili kama anayevuna, akatoka mbio kuelekea stoo akiwaita vijana wake. Obure akasema, "Asanteni sana," kwa sauti ya kawaida kabisa, na watu wakashtuka kwa kuwa walikuwa wamesahau ilivyo.

Chepkirui alibaki sakafuni, mgongo umeegemea mashine yenye joto. Kutoka pale aliwaona wazee wote wawili. Omariba alikuwa anainuka, goti moja, goti la pili, anapangusa vumbi.

"Basi ilikuwa chini," akasema bila kumtazama mtu.

Sasa atamtambia, Chepkirui akafikiri, na hapo tutarudi pale pale. Kipkosgei alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Nilipahatisha," akasema. Kisha akanyoosha mkono, akamshika mwenzake kiwiko, akamsaidia kusimama.

Walikunywa chai kantini, na mkate ambao Yunia alikuwa ameubeba kwenye kikapu kana kwamba alijua mapema kutakuwa na karamu. Vile vitabu viwili vilikaa mezani vimelaliana. Chepkirui aliomba waviache kiwandani avitoe nakala. Wakakataa kwa pamoja, kwa neno moja, kisha wakatazamana kwa mshangao wa kukubaliana. Mazungumzo yakaenda kwa barafu inayounguza viazi Londiani, yakaenda kwa mapacha wa Chepngeno, ambao Omariba alishangaa kuwa mke wake anawajua mpaka majina. Alasiri kila mmoja akashika faili lake akaenda zake, huyu kusini, huyu kaskazini.

Simu ya Kipkosgei ilimfikia Chepkirui giza likiingia.

"Msichana wangu. Hiki nilichobeba ni cha pili."

Vilikuwa sawa rangi, sawa uzito. Kila mmoja alikuwa ameondoka na cha mwenzake.

"Nitakuja na gari kesho, mzee, nivibadilishe."

"Hapana, hapana. Usijisumbue. Nitampigia mwenyewe, tupange siku."

Na akampigia. Siku ile ilikuwa ngumu kupangwa. Mara palikuwa na mvua, mara palikuwa na viazi vya kuchimba, mara kuku. Yunia alimweleza Chepkirui, akicheka mpaka anakohoa, kwamba wazee sasa wanapigiana kila jioni kuhusu jambo la kurudishiana vitabu, na kwamba simu ya mwisho ilipita taarifa ya habari, ikapita chakula, na katika hiyo yote vitabu vilitajwa mwishoni kidogo tu.

Mtambo mpya ulifika wakati wa baridi, kwenye maboksi, pamoja na kijana wa Nairobi wa kuufunga. Ulikuwa mwembamba, mtulivu, na uliandika lebo bila kelele yoyote, jambo ambalo Janeffer alilisema kuwa ni dharau. Siku ile ile Kogo alizimwa. Chepkirui ndiye aliyevuta waya. Kisha akampigia Mzee Kipkosgei, kwa kuwa aliona ni haki asikie kutoka kwake: mashine imepumzishwa, vile vitabu havihitajiki tena, mnaweza kukaa navyo vilivyo, hakuna haja ya safari.

Upande wa pili vifaranga walikuwa wakilia kwa mbali.

"Nimesikia," akasema mzee mwishowe. "Lakini usimwambie Omariba. Bado tunapanga siku."